Pikipiki ya Mapigo Mawili na Njia za Maweni

Anayefika Matemwe siku hizi hufika kwa barabara ya lami. Hushuka mbele ya duka au mbele ya hoteli, na asipoambiwa hatajua kwamba watu wa rika langu waliijua safari hiyo kwa sura nyingine kabisa. Kutoka mjini mpaka Kinyasini, na kutoka Kinyasini mpaka Mkwajuni, mtu alikwenda bila ya taabu kubwa. Taabu ilianza pale udongo ulipokwisha na mawe yakachukua nafasi yake. Nchi hii sisi huiita maweni, au uwanda. Ni jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka kutoka baharini, likatobolewa na mvua mpaka likaota meno, na juu yake pakaota kichaka cha midaa na miti mingine migumu inayojua kuishi bila ya udongo. Humo ndani mna njia. Zilitobolewa na wakata kuni, wachoma chokaa na watu wa mitego, na hazikukusudiwa kupitwa na gurudumu la aina yoyote.

Katika njia hizo gari lilikuwa jambo la bahati. Baskeli ilikwenda, lakini mwenye baskeli aliibeba karibu sawa na ilivyombeba. Vespa, ambayo mjini ndiyo iliyokuwa heshima ya mtu, haikufaa kitu. Magurudumu yake ya inchi 10 yalididimia katika kila tundu. Chombo kilichoweza ni pikipiki ya njia mbovu yenye injini ya mapigo mawili, ambayo mafundi wetu huiita tustroki. Ni nyepesi, imeinuka juu, gurudumu lake la mbele lina inchi 21, na ekzosi yake imevimba tumbo kama chatu aliyemeza mbuzi.

Nataka kusimulia historia ya chombo hicho. Si kwa kuwa mimi ni fundi, kwani hata plagi nilifundishwa kuisafisha na kijana niliyemsomesha darasa la tano. Ni kwa sababu kila nilipozidi kuisoma historia hii niliona kwamba ni historia ya kunakili. Na mimi, kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu moja ya kazi yangu ilikuwa ni kuwakamata watu wanaonakili.

Kwanza nimweleze msomaji namna inavyoendeshwa, maana aliyezoea pikipiki za leo hatanielewa bila ya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipewa pikipiki ya kazi, Yamaha DT 175, ili niweze kuzifikia skuli za pwani ya mashariki. Siku ya kwanza nilidhani ni mbovu. Ukifungua mafuta kidogo inakokota tu, inakohoa, inatoa moshi wa buluu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya ubao na hajui jibu. Ukizidi kufungua, ghafla sauti inabadilika, kunguruma kunakuwa kilio, na gurudumu la mbele linataka kuiaga ardhi. Nguvu haiji kwa kupanda ngazi. Inakuja kama mlango uliosukumwa. Mwenye kuendesha katika lami huiona ni mchezo. Katika njia ya msitu, yenye upana wa mabega mawili, huku mzizi na huku jiwe lenye ncha, ni jambo la kujifunza kwa magoti na viwiko.

Kwa hiyo unajifunza kuichagua gia kabla ya kulifikia jiwe, si juu ya jiwe. Unajifunza kusimama juu ya vikanyagio, tangi ukilibana kwa magoti, na kuuacha usukani ucheze kidogo mikononi, kwani ukiukaza sana jiwe litakuamulia njia. Na mteremkoni unajifunza kwa haraka zaidi, maana injini ya mapigo mawili haikushikilii ukiachia mafuta. Ile ya mapigo manne hukuzuia. Hii huteleza tu kama baskeli, na breki ni juu yako. Kati ya Kiwengwa na Pongwe, katika msitu ambao leo ni hifadhi na wageni hupelekwa kuyatazama mapango yake, palikuwa na mahali ambapo njia ilishuka, ikapinda, ikapanda tena, yote kwa hatua kama thelathini. Hapo nilijua kila asubuhi kama siku yangu itakuwa njema.

Siri ya mlango huo unaosukumwa imo ndani ya ekzosi. Injini ya mapigo manne huvuta pumzi, hubana, huwaka, kisha hutoa moshi. Kila inapozunguka mara mbili huwaka mara moja. Ya mapigo mawili huwaka kila mzunguko. Haina milango ya kufunguka na kufungwa kama valvu. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka hufunua na kufunika matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Ndiyo maana ni nyepesi na ina vipande vichache. Lakini ina aibu moja kubwa. Tundu la kutolea moshi linapokuwa wazi, petroli mpya inayoingia nayo huona njia, ikatoka bila ya kuwaka. Fedha inapita tu na kwenda zake.

Aliyewahi kukaa karibu na mpiga zumari ataelewa dawa yake. Sauti ndani ya bomba ni msukumo wa hewa unaosafiri, na bomba likipanuka au likibana, sehemu ya msukumo ule hurudi ulikotoka. Basi ekzosi ikitengenezwa ipanuke taratibu kisha ibane, lile tumbo la chatu, mlipuko wa injini wenyewe hufanya kazi mbili. Penye kupanuka hurudi mvuto unaousaidia moshi kutoka. Penye kubana hurudi msukumo, ukaikuta ile petroli iliyotoroka ikiwa bado shingoni mwa bomba, ukairudisha ndani ya silinda kabla pistoni haijaziba tundu. Yote haya hufanyika mara nyingi kwa sekunde moja, tena katika mwendo fulani tu wa injini, ule ambao urefu wa bomba unaukubali. Kabla ya mwendo huo injini inakohoa, na ikiufikia inaruka. Vijana wa kijijini waliotoboa ekzosi kwa msumari ili ipige kelele zaidi walishangaa kuona inapitwa na baskeli. Walikuwa wameitoboa zumari.

Kilichonifanya nisome zaidi ni kwamba nilidhani, kama kila mtu, kuwa haya ni akili ya Wajapani. Sivyo. Yanatoka katika mji mdogo wa Zschopau, katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Huko Jørgen Skafte Rasmussen, mtu wa asili ya Denmark, alianzisha kampuni ya DKW, ambayo kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa ikitengeneza pikipiki nyingi kuliko kampuni yoyote duniani. Mwaka 1939 walitoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125, iliyobuniwa na Hermann Weber. Kisha ikaja vita. Ujerumani iliposhindwa, michoro ya RT 125 ikawa mali ya washindi, na sijui kama kuna chombo kingine kilichonakiliwa kama hicho. Harley-Davidson wa Marekani walikitoa kwa jina lao, BSA wa Uingereza wakakiita Bantam, Warusi wakakitengeneza Moscow. Na mwaka 1955 kampuni moja ya Japani iliyojulikana kwa vinanda, Yamaha, ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, nayo ilikuwa ni mtoto wa RT 125. Weber mwenyewe alichukuliwa na Warusi na hakurudi tena kwao. Alifariki huko mwaka 1948.

Kwa hiyo ile DT yangu, kabla hata haijapanda meli, ilikuwa na babu Zschopau.

Kisa kikubwa zaidi kilikuja baadaye. Zschopau iliangukia Ujerumani Mashariki, na kiwanda kikawa cha dola kwa jina la MZ. Idara yake ya mashindano ilishikwa tangu mwaka 1953 na Walter Kaaden, mhandisi ambaye wakati wa vita alifanya kazi Peenemünde, penye kituo cha makombora. Kaaden hakuwa na fedha, hakuwa na chuma kizuri, na wafanyakazi wake walikuwa wa kuhesabika. Alichokuwa nacho ni masikio na subira. Wazo la ekzosi yenye tumbo hakulibuni yeye. Mjerumani mwenziwe, Erich Wolf, alikuwa amelianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Lakini Kaaden ndiye aliyelifuata mpaka mwisho wake, akipima, akikata, akichomea tena. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, jambo ambalo injini inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe ilikuwa haijapata kulifanya. Vespa ya 150 ya wakati huo haikufika farasi 10.

Mpanda pikipiki wake mkuu, Ernst Degner, alikuwa amekaribia ubingwa wa dunia mwaka huo huo. Tarehe 13 Agosti 1961 ukuta ukaanza kujengwa Berlin. Mwezi uliofuata yalifanyika mashindano Kristianstad, Sweden. Pikipiki ya Degner iliharibika mbioni, na baada ya hapo hakurudi kwa wenzake. Mkewe na watoto walikuwa wamevushwa kwa siri ndani ya gari kuingia Ujerumani Magharibi. Kabla mwaka haujamalizika alikuwa Hamamatsu, Japani, katika kiwanda cha Suzuki, kampuni ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ikichekwa katika mbio za Ulaya. Mwaka 1962 Suzuki, Degner akiwa juu yake, wakachukua ubingwa wa dunia wa sentimita za ujazo 50, taji la kwanza kabisa la daraja hilo na la kwanza kwa pikipiki ya mapigo mawili. MZ haikupata kamwe ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani.

Kisa hiki nimewahi kuwapa walimu wenzangu katika chumba cha walimu, tukabishana mpaka kengele ikalia. Wengi walisema bila ya kusita: huyu ni mwizi, afutiwe matokeo. Mwanafunzi akichukua karatasi ya mwenziwe hatuulizi alikuwa na shida gani nyumbani. Mmoja, aliyekuwa akifundisha historia, alisema kwamba Degner alichukua kilichokuwa kichwani mwake, na kichwa cha mtu si mali ya serikali.

Mimi sikubaliani sawasawa na upande wowote. Kuondoka kwake simhukumu. Sisi wa visiwa hivi tumeona, katika miaka iliyofuatia 1964, watu wakiondoka usiku kwa mashua, na baadhi yao walikuwa ni walimu bora tuliokuwa nao. Walikwenda na hesabu, fizikia na Kiingereza walivyokuwa navyo vichwani. Wakavifundisha Mombasa, Muscat na London. Tulipungukiwa, na skuli zetu zililiona pengo hilo kwa muda mrefu, lakini sijamsikia mtu wa heshima akiwaita wezi kwa kuwa wamekwenda na hesabu. Ila Degner, kama inavyosimuliwa, alichukua pia michoro na vipande vya injini, tena kwa malipo. Hapo ndipo ninaposimama. Miaka minane ya kukata na kuchomea ilikuwa ya Kaaden, na Kaaden ndiye aliyebaki nyuma ya ukuta kujibu maswali ya wakubwa. Aliishi mpaka mwaka 1996, akauona ukuta ukianguka. Degner alifariki mwaka 1983, miaka sita kabla ya siku hiyo, akiwa ameungua vibaya katika ajali ya mwaka 1963 pale pale Japani alikopelekea siri ile.

Na bado pana upande wa tatu, ambao mkaguzi wa mitihani hapendi kuusema. Mwanafunzi anayenakili asichokielewa hukamatwa kwa swali la pili. Suzuki na Yamaha hawakukamatwa. Walijibu swali la pili, la tatu na la kumi. Chuma walikuwa nacho, mashine walikuwa nazo, na wakaitoa siri ile katika kiwanja cha mashindano wakaipeleka mahali ambapo Kaaden asingeweza kuifikisha. Mwaka 1964 Yamaha walianza kuuza pikipiki yenye tangi la oili la peke yake na pampu ya kuichanganya, mwendeshaji akaepukana na kupima oili kwa chupa kila anapotia petroli. Mwaka 1968 wakatoa DT-1 ya sentimita za ujazo 250, iliyokusudiwa njia za misituni na majangwani Marekani, nayo ikawa mama wa DT zote, za 100, 125 na 175. Mwaka 1970 Joel Robert wa Ubelgiji alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi ya 250 juu ya Suzuki. Hamu ya Wamarekani ya kuchezea misituni siku za mapumziko ndiyo iliyotuletea chombo cha kazi. Hakuna aliyekuwa akiwafikiria watu wa Matemwe.

Nisiwadhulumu Wajerumani wa Mashariki kwa kuwaacha katika huzuni tu. Katika mbio za msituni walikuwa wafalme. Shindano gumu kuliko yote wakati huo liliitwa Siku Sita, kwa kuwa mtu hupanda pikipiki yake siku sita mfululizo katika misitu, matope na mawe, na ikiharibika huitengeneza mwenyewe. Timu ya Ujerumani Mashariki ilichukua kombe mwaka 1963, ikaendelea kulichukua kila mwaka mpaka 1967, na tena 1969. Mwaka 1964 lilifanyika kwao, Erfurt, na katika timu ya Marekani alikuwamo mwigizaji wa sinema Steve McQueen. Mwaka huo huo wa 1964 Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na mafundi na walimu wao wakaanza kufika kwetu. Nyumba za Kilimani ni ukumbusho wao. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Nkrumah, Beit-el-Ras, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mmoja wao. Alitufundisha mawimbi ya sauti kwa mfereji wa bati na ndoo ya maji, na kamwe hakutaja pikipiki.

Chombo kilipofika kwetu kilifanya kazi ambayo hesabu yake haikuandikwa popote. Mtu wa chanjo alikuja nacho, sanduku la barafu limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Bwana shamba alikuja nacho. Mimi nililetea juu yake chaki, madaftari ya mahudhurio na karatasi za mitihani. Katika miaka ile ya uhaba petroli ilikuwa ni ya kuandikiwa, na oili ya tustroki ikikosekana tulitia ya gari, ikaacha masizi mazito ndani ya ekzosi mpaka injini ikapoteza pumzi. Dawa yake fundi wetu aliijua. Aliifungua ekzosi, akaizika katika moto wa makumbi mpaka ikawa nyekundu, akaigonga, na masizi yakamwagika kama unga.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba tulikuwa sote juu ya pikipiki. Juu yake alikuwa mtu wa serikali. Wanawake niliowapita katika njia hizo wakiwa na mizigo ya kuni kichwani walisimama kando na kugeuza nyuso zao, maana moshi ulikuwa mzito na njia nyembamba. Paa nunga, ambaye ni adimu sana na anategemea vichaka kama hivi, alikuwa akiniona mara nyingi kuliko nilivyomwona. Ule mlio ulitangulia robo saa mbele yangu. Jozani, ambako kima punju hukaa karibu na barabara, palibidi kuwekwa matuta ili magari yapunguze mwendo yasiwaue. Sidhani kama msitu wetu, kwa udogo wake, ungeweza kuvumilia mchezo wa Wamarekani. Uliivumilia kazi, tena kwa kuwa pikipiki zilikuwa chache.

Aibu ile ya kutoroka kwa petroli ndiyo iliyoimaliza. Ekzosi ya Kaaden huirudisha sehemu tu, na oili lazima iungue pamoja nayo. Sheria za moshi za Ulaya zikaifukuza barabarani. Katika mbio za dunia daraja la 125 lilifungwa baada ya mwaka 2011. Imebaki mikononi mwa wapanda misitu, ambao hawataki kuacha uzito mdogo na ule mlango unaosukumwa. Mwaka 2017 KTM wa Austria walitoa za msituni zinazopuliza petroli kwa sindano badala ya kabureta, ili moshi upungue. Kwetu zimekuja za mapigo manne kutoka India na China, za bei nafuu, zinazokula petroli kidogo, na lami imekuja pamoja nazo. Kwa mtu anayetaka kumpeleka mgonjwa Kivunge usiku, zinafaa zaidi, wala silalamiki.

DT moja ingali hapa kijijini, ya mvuvi. Pampu yake ya oili ilikufa zamani, kwa hiyo anachanganya kwa mkono katika dumu, kipimo chake ni kifuniko cha chupa ya chai. Akiipiga kiki alfajiri majirani hufunga madirisha.